Kofia Isiyougua

Kwanza ieleweke kwamba nchi hii si yetu. Mlima wetu sisi uko kaskazini, wa kwao uko kusini, na zaidi ya hapo, kule kwao sheria zinafuatwa.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Kazi na Uvumilivu, na wizara hiyo ilikuwa imetunga sheria nzuri kuliko zote duniani kuhusu wafanyakazi wagonjwa. Ilisomwa redioni kila Jumatatu, kabla tu ya matangazo ya vifo. Ilisema kwamba mfanyakazi mwenye ugonjwa wa muda mrefu asifukuzwe, asisimangwe, apewe kazi nyepesi, apumzike akizidiwa, na atibiwe kwa gharama ya mwajiri. Watu walikuwa wakiisikiliza mpaka machozi yanawalengalenga. Mwishoni kabisa, msomaji akiwa ameshaanza kukunja karatasi zake, kilikuwepo kipengele kifupi: mwenye ugonjwa wa muda mrefu sharti awe na ajira ya muda mrefu.

Sikuzani hakuwa nayo. Yeye alikuwa kibarua katika Kiwanda cha Minofu ya Taifa. Aliajiriwa asubuhi king'ora kilipolia, na akaachishwa jioni kilipolia tena, kwa shukrani nyingi kutoka kwenye spika ya getini. Hivyo ndivyo alivyoajiriwa na kuachishwa kila siku tangu binti yake alipokuwa anatambaa, na sasa binti huyo alikuwa anaazima viatu vya mama yake.

Ugonjwa wa damu uitwao selimundu alizaliwa nao. Baridi ikimwingia, damu inakwama njiani, na mifupa ya nyonga na kifua inauma mpaka anang'ata upindo wa kanga ili asipige kelele. Kwa sababu hiyo, au pengine bila sababu yoyote, alipangiwa chumba cha baridi, ambako samaki hupangwa kwenye masanduku ya barafu.

Namna ya kuingia kazini ilikuwa hii. Vibarua wenye kofia za plastiki zenye namba walisimama mbele ya mstari mweupe. Wasio na kofia walisimama nyuma, kando ya mtaro, wakisubiri mwenye kofia afe au ahame. Walinzi wawili walishika kamba kimo cha goti. Hiyo ndiyo iliyoitwa Kamba ya Uzima. Ukiruka, wewe ni mzima, pita. Ukigusa, wewe ni mgonjwa, nenda kapumzike, na serikali inakutakia heri.

Mwenye kuamua alikuwa nyapara Mbwiga, mtu wa makamo, aliyekalia kiti chekundu, kiti pekee katika uwanja mzima. Mbwiga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mwongozo. Zamani manyapara walichagua wajomba zao na wanawake wenye vishimo mashavuni, ndipo Wizara ikatoa Mwongozo wa Kukomesha Upendeleo: nyapara asitazame uso wa kibarua, atazame kofia tu. Mbwiga aliufuata mwongozo huo kwa moyo wake wote. Inasemekana kwamba hata mkewe, alipokuja siku moja kumletea chakula, ilibidi arudi nacho nyumbani kwa sababu hakuwa na namba.

Asubuhi moja ya masika, Sikuzani akajikaza akamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sabini na Moja."

"Nina shida, mzee wangu. Naomba nitolewe chumba cha baridi, nikae hata kwenye kubandika lebo. Nina selimundu. Hata macho yangu yana unjano, hebu tazama."

"Macho siruhusiwi," alisema Mbwiga, akiitazama kofia. "Hapa naona kofia safi kabisa."

"Kofia ni safi, ndiyo, lakini kichwa kilichomo..."

"Huo ugonjwa ulianza lini?"

"Nilizaliwa nao."

"Na kazi umeanza lini?"

"Miaka mingi, mzee. Tangu..."

"Umeanza leo, mama. Tena bado hujaanza, hujaruka kamba." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi haushikiki. "Sasa wewe unataka kampuni uliyokaa nayo nusu saa ibebe ugonjwa wa maisha yako yote? Umetoka nao kwenu. Sisi hatukuuagiza."

"Mbona yule fundi wa mashine mwenye kisukari mmempa kazi ya kukaa?"

"Yule ni wa kudumu. Ana ruhusa ya kuugua mpaka astaafu, na akitaka aendelee. Wewe ni wa kutwa. Ugonjwa wako nao uwe wa kutwa: uanze na king'ora, uishe na king'ora. Ukipata wa namna hiyo njoo tuzungumze. Haya, ruka."

Sikuzani akaruka. Alipotua, nyonga ilimwambia jambo, akajifanya hakulisikia.

*

Mwongozo ulikuwa na sehemu nyingine: kofia isiyoonekana getini asubuhi moja tu, inapewa mtu wa mtaroni. Ukiugua Jumanne, Jumatano huna kofia, na bila kofia Mbwiga hakuoni hata ukimkanyaga mguu.

Aliyelipatia jambo hilo dawa ni Semeni. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye presha na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na alifanya kazi meza moja na Sikuzani. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Ukizidiwa, unatuma kofia yako. Mmoja wa wale wa mtaroni anaivaa, anaruka kamba, anafanya kazi, jioni anachukua ujira wake halali, na kofia inarudi kwako. Mgonjwa anapumzika bila kupoteza nafasi, asiye na nafasi anapata siku, na Mbwiga anaona namba zote zimefika. Hakuna aliyeibiwa. Kiwanda kizima kilijua isipokuwa wanaokiendesha.

Kofia iliyotembea kuliko zote ilikuwa sabini na moja, maana hakuna aliyelazwa na maumivu kama Sikuzani. Wiki nyingine alikuwa amejikunja kitandani, binti yake akimkanda na chupa ya maji ya moto, na huko getini sabini na moja inaruka kamba kama swala. Ilivaliwa na wasichana wembamba, na wajane, na mara moja na kijana mwenye ndevu aliyejifunga kanga. Mbwiga akaipitisha.

"Leo sabini na moja ina sauti nzito," alisema tu. "Mafua hayo. Yaishe kabla ya jioni."

Basi wakaja wageni. Walivaa fulana zenye mifuko mingi, na walikuwa na nia ya kuikopesha nchi, lakini kwanza waliuliza swali: je, vibarua wenye magonjwa ya muda mrefu wanatunzwaje? Wizara ikatuma wataalamu kiwandani. Wataalamu hawakutaka kuwasumbua vibarua kwa maswali. Walimuuliza Mbwiga ni kofia zipi zimekosekana. Mbwiga akajibu kwa fahari kwamba hakuna hata moja, na kwamba kofia sabini na moja haijakosa siku tangu kiwanda kilipofunguliwa na marehemu rais wa kabla ya marehemu rais.

Wataalamu wakakumbatiana. Taarifa yao ilikuwa fupi: vibarua wa nchi hii hawaugui. Kwa hiyo Wizara ikapendekeza kile kipengele kifupi kifutwe, na kwa kuwa wagonjwa wenyewe hawapo, sheria nzima nayo ifutwe ili isichakae bure. Na mwenye kofia sabini na moja atunukiwe nishani ya Mzima wa Taifa, mbele ya Waziri.

*

Habari ilimfikia Sikuzani akiwa ameegemea masanduku, anapumua kidogo kidogo.

"Mzima wa Taifa!" Semeni alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwenzangu wewe! Hata ngazi ya kwangu unapanda kwa kupumzika."

"Usinichekeshe, kifua kinauma."

"Sasa sikiliza. Watakupa kipaza sauti. Lazima wakupe, ushukuru. Hapo hapo unasema: Mheshimiwa, mimi mgonjwa, nitoe kwenye baridi."

"Nikisema mimi mgonjwa watauliza siku nilizolala nani alikuja. Kofia zenu zote zitaondoka. Na wewe na presha yako hiyo utakula wapi?"

"Na usiposema?"

Sikuzani alipiga hesabu. Usiposema, sheria inafutwa, na chumba cha baridi kinabaki pale pale. Daktari wa zahanati ya mtaani alishamweleza bila kuzungukazunguka: msimu mwingine kwenye barafu, dada, sikuahidi kwamba utaumaliza.

"Kama si kunivalia ile kofia," alisema mwishowe, "ningekuwa nimeshafukuzwa."

"Kama si kukuvalia, wangeshajua unaumwa," alisema Semeni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Ona tulivyokusaidia, Siku. Tumekusaidia mpaka umepona kwenye redio."

*

Siku ya sherehe uwanja ulifagiliwa, mtaro ukafunikwa kwa mazulia, na wale wa mtaroni wakafunikwa nyuma ya turubai lenye picha ya vibarua wanaotabasamu. Ilikuwa joto. Kamati ya Mapokezi ilimhurumia Sikuzani. Haikufaa Mzima wa Taifa atoke jasho mbele ya wageni. Wakamtafutia mahali penye ubaridi akae asubiri, na mahali hapo, kama kila mtu anavyoweza kukisia, palikuwa chumba cha baridi. Walimwekea zulia na maua.

Waziri alichelewa. Alipofika alihutubia kwa raha zake.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi zinazotibu wagonjwa. Tunazionea huruma. Sisi tumekwenda mbele zaidi, tumewamaliza!" Makofi. Katibu akamnong'oneza. "Tumeumaliza *ugonjwa*. Ahsante. Tumegundua kwamba ugonjwa wa muda mrefu ni anasa inayoletwa na mikataba ya muda mrefu. Mtu akiajiriwa kwa siku moja, anapata wapi muda wa kuugua miaka? Kibarua ni mzima kwa mujibu wa ratiba!"

Wageni wa mifuko mingi waliandika. Semeni, mstari wa mbele, alikuwa ameshika kiuno.

Akaitwa Sikuzani. Alitoka barafuni akitembea kama mtu anayekanyaga vigae vya chupa, midomo imekauka, meno yanagongana. Bendi ikapiga. Waziri akamvisha nishani, nayo ilikuwa ya chuma, ya baridi.

"Na sasa," alisema Waziri, "Mzima wetu ataruka Kamba ya Uzima!"

Walinzi wakanyoosha kamba. Sikuzani aliitazama. Kimo cha goti tu. Siku hiyo ilikuwa ukuta. Akainua mguu, mguu ukakataa, akaanguka kwa magoti, kamba ikiwa mbele yake haijaguswa.

Kipaza sauti kilikuwa kimeshushwa mbele ya mdomo wake ili watu wasikie anavyotua.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi ni mgonjwa. Nilizaliwa mgonjwa. Ile baridi inaniua."

Bendi ikanyamaza, isipokuwa mtu wa tarumbeta aliyekuwa mbali.

"Unyenyekevu huo!" Waziri alijaribu. Lakini mgeni mmoja alishasimama na kuuliza: kama mama huyu ni mgonjwa tangu kuzaliwa, na kazini hajakosa hata siku moja, nani alikuwa anakuja?

Sikuzani akafumba macho. Jina lolote ambalo angetaja lilikuwa la mtu aliyemwonea huruma. Akang'ata kanga yake.

"Kofia!" Sauti ya Semeni ilipasua uwanja. "Ilikuwa inakuja kofia! Muulizeni nyapara kama aliona mtu!"

Mbwiga akaitwa. Akaulizwa, kwa heshima ya kiapo, ni nani aliyemwona getini miaka yote hiyo.

"Kofia sabini na moja, Mheshimiwa. Zaidi ya hapo siruhusiwi."

Mwanasheria wa Wizara akainamia sikio la Waziri. Wakanong'onezana mpaka wageni wakaanza kuagiza soda. Kisha Waziri akasimama, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata upenyo kwenye uzio.

"Ukweli umedhihirika. Mama huyu ni mgonjwa, na sijui alifikaje jukwaani. Asiyeugua ni kofia. Aliyefika kila siku ni kofia. Mfanyakazi wa muda mrefu ni kofia! Na kwa kuwa serikali hii haimnyimi mtu haki yake, kuanzia sasa kofia sabini na moja imeajiriwa kwa ajira ya kudumu, yenye likizo, matibabu na kiinua mgongo. Sheria haitafutwa. Imepata mtu wake."

Nishani ikavuliwa shingoni mwa Sikuzani, ikabandikwa kwenye kofia. Ilimbidi ainamishe kichwa kidogo.

*

Isidhaniwe kwamba jambo hilo lilikuwa baya moja kwa moja. Kofia, kama mfanyakazi wa kudumu, ilikuwa na haki ya kazi nyepesi. Ikahamishiwa kwenye lebo. Na kwa kuwa haikuwa na mikono, iliruhusiwa kuja na Sikuzani chini yake.

Hospitali ya kiwanda nayo ikaipokea.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza nesi siku ya kwanza.

"Nimemvaa," alijibu Sikuzani.

Nesi akaitazama nishani, akaogopa. Akaandika dawa. Hivyo Sikuzani akaanza kumeza vidonge vya kila siku, vile ambavyo daktari wa mtaani alikuwa akivitaja kama watu wanavyotaja Ulaya. Msimu ule alilala usiku mzima. Alipanda ngazi ya kwa Semeni bila kupumzika, na Semeni alimpigia vigelegele kutoka juu mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Angeweza kuificha kofia ile na kuwa mzima peke yake. Hakuweza. Alhamisi moja aliitoa kichwani akampa Semeni, akapimwe presha. Baadaye akampa mama mmoja mwenye pumu. Kisha msichana mmoja mjamzito. Kofia ikawa haikauki jasho.

Wizara, iliyokuwa ikifuatilia kwa karibu afya ya mtumishi wake mashuhuri, ikashtuka. Kofia sabini na moja, iliyosifika kwa uzima, ilikuwa na selimundu, presha ya kupanda, pumu, vidonda vya tumbo, na ujauzito wa miezi mitano. Likaundwa Jopo la Madaktari Bingwa. Wakaiweka kofia mezani, wakaigonga, wakaimulika tochi, wakaisikiliza. Waliona imepasuka ukingoni. Wote walikubaliana kwamba hali yake ni mbaya na kwamba imeathiriwa na kazi.

Ikastaafishwa kwa sababu za kiafya, kwa heshima zote. Ikawekwa makao makuu ya Wizara ndani ya kabati la kioo lenye kiyoyozi chake, maana madaktari walishauri isipate joto. Kiinua mgongo chake kilitunzwa mpaka itakapofika yenyewe kuchukua.

*

Kesho yake Sikuzani alisimama mtaroni, kichwa wazi. Ilikuwa imenyesha. Chupa ya vidonge mfukoni mwake, ukiitikisa, ilikuwa inalia kama njuga ya mtoto: vimebaki vya kuhesabika.

"Mzee Mbwiga," aliita. "Ni mimi. Shikamoo."

Mbwiga alitazama pale sauti ilipotoka, kimo cha kofia, hakuona kitu. "Chumba cha baridi kina nafasi moja," aliutangazia uwanja. "Wenye kofia, rukeni."

Semeni alikuwa wa kwanza mbele ya kamba. Hakuruka. Aligeuka nyuma akamtazama mwenzake kule matopeni, akavua kofia, akaishika mkononi kama mtu aliyeingia msibani. Mama wa pumu akavua. Msichana mwenye mimba akavua. Wakavua mpaka wa mwisho, na uwanja mzima ukawa nyuso tupu.

Mbwiga akapepesa macho. Akachukua simu yake ya getini.

"Meneja, leo hawakuja."

"Hawakuja nani? Nawaona kutoka dirishani! Wamejaa!"

"Utakuwa umeona nyuso, bosi. Mwongozo unakataza."

King'ora kikalia. Samaki hawana mwongozo. Kufikia adhuhuri harufu ilikuwa imefika sokoni, alasiri ikafika mjini, ikapanda ngazi za Wizara, ikapita kwenye kiyoyozi mpaka ndani ya kabati la kioo. Waziri akaenda redioni, kitambaa kikiwa puani, akawatoa wananchi hofu: harufu ile ni ya kutwa, haina mkataba, na ikifika jioni haitakuwa na haki ya kuendelea.

Jioni ikafika, harufu ikaendelea. Asubuhi ya pili ilikuwepo. Ya tatu ilikuwa imekomaa.

Asubuhi hiyo ya tatu wanawake walikuwa pale pale, vichwa wazi. Sikuzani alikuwa amevuka mstari mweupe kwa sababu mtaroni palikuwa na maji, na nyonga ilikuwa imeanza tena. Alisimama mbele ya kile kiti chekundu akiwa hana cha kushikilia ila hewa. Mbwiga, ambaye kwa siku tatu hakuwa na kitu cha kutazama, alichoka. Shingo yake ikajisahau. Macho yakashuka kutoka mahali pa kofia, yakafika kwenye uso.

Akainama mbele kwenye kiti.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "macho yako ni ya njano."

"Ndiyo."

"Unaumwa."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisimama hapa hapa."

Mbwiga akageuka kulia na kushoto kuona kama kuna mtu aliyemwona akitazama. Wote walikuwa wamemwona. Walinzi waliishusha kamba, si kwa amri, mikono tu ilikuwa imewachoka. Kutoka kwenye spika, sauti ya meneja ilikuwa inauliza kama kuna kofia yoyote imefika.

Nyapara akainuka kwenye kiti chake, akasogea pembeni hatua moja, akakunja mikono nyuma. Hakusema kaa. Hakusema usikae.

Sikuzani akakaa.